Nichague nyota au nichague kompyuta?

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu, shahada ya fizikia, hapa Dodoma. Tangu sekondari nimependa habari za nyota, na nilikuja chuo nikiwa na hilo kichwani. Sasa mradi wangu wa mwisho nimepangiwa wa kompyuta: kuifundisha programu itambue magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwenye picha za majani ya mihogo. Kusema kweli nimeupenda kuliko nilivyotarajia. Msimamizi wangu anasema nichague njia moja, mshika mbili moja humponyoka. Je, yupo mwanasayansi aliyefanya kazi pande zote mbili, fizikia ya anga na kompyuta inayotambua picha, akafika mahali? Au nitakuwa napoteza muda?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wapo, tena wengi kuliko msimamizi wako anavyodhani. Ila usimpuuze. Methali aliyokutajia inawahusu wanaokamata viwili kwa mpigo, na hao kweli huponyokwa. Watu nitakaokusimulia hawakuanza hivyo. Kila mmoja alizama kwanza katika fani moja mpaka akawa na ujuzi ambao wengine hawana, ndipo akavuka upande wa pili na kuutumia kwenye tatizo lililokuwa likiwasumbua wenyeji wa huko. Na alipofika alikubali kazi yake ipimwe kwa mizani ya wenyeji, si kwa ile aliyotoka nayo. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya jibu langu.

Nianze na Katie Bouman, maana sura yake huenda ulishaiona. Mwaka 2019 ilizunguka dunia nzima picha ya msichana amefunika mdomo kwa mikono mbele ya kompyuta, na kwenye kioo cha kompyuta pete ya rangi ya machungwa: picha ya kwanza ya shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa mno hata mwanga hauchomoki. Wengi walimdhania kuwa mtaalamu wa nyota. Hakusomea nyota. Shahada yake ya kwanza, ya Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2011, ni ya uhandisi wa umeme. Uzamili na uzamivu alivipatia chuo cha MIT, Marekani, akamaliza mwaka 2017 chini ya William Freeman, mmoja wa wakongwe wa uoni wa kompyuta, yaani taaluma ya mradi wako huo huo wa mihogo.

Tasnifu yake ya uzamivu ina mambo mawili ambayo ukiyasikia haraka utadhani yameokotwa sehemu mbili tofauti. La kwanza ni mashimo meusi. La pili ni kumwona mtu aliyejificha nyuma ya kona ya ukuta. Hilo la kona halina nyota hata moja: kamera inaelekezwa sakafuni, pale ukuta unapoishia, na kompyuta inatafuta mabadiliko ya mwanga hafifu mno ambayo jicho haliyapati, kisha inakadiria upande wa pili kuna watu wangapi na wanaelekea wapi. Lakini ukiandika hisabati yake, ni tatizo lile lile. Kitu chenyewe hukioni. Unachokipata ni mwanga uliokwisha kupotoshwa njiani. Sheria za fizikia zilizoupotosha unazijua, kwa hiyo unarudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta ni kitu gani kingeweza kuutoa mwanga wa namna hiyo. Fizikia mnayofundishwa kwa kawaida hukwenda mbele, kutoka kitu hadi kipimo. Hii inarudi kinyumenyume, na kurudi huko ndiko kuna mitego yote.

Tazama ukubwa wa tatizo lenyewe. Shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ya M87 liko umbali wa miaka nuru milioni 55, na uzito wake ni sawa na majua bilioni 6.5. Pete ya mwanga inayolizunguka, ikitazamwa kutoka hapa, ina upana wa sehemu 42 hivi katika kila milioni ya sekunde moja ya pembe, na sekunde ya pembe yenyewe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Kanuni ya ukali wa darubini unaijua: gawanya urefu wa wimbi kwa kipenyo cha darubini. Kwa mawimbi ya milimita 1.3 waliyotumia, chukua kalamu upige hesabu, utaona sahani inayotakiwa ina upana wa dunia yetu.

Sahani hiyo haipo na haitajengwa. Badala yake, Aprili 2017, darubini za redio 8 katika sehemu 6 za dunia, mtandao unaoitwa Event Horizon Telescope (EHT), zilitazama anga kwa pamoja: Chile, Hawaii, Arizona, Meksiko, Hispania na Ncha ya Kusini. Ile ya Ncha ya Kusini haiwezi kuiona M87 kwa kuwa galaksi hiyo iko upande wa kaskazini wa anga, hivyo kwa shimo hili zilibaki 7. Kila kituo kilirekodi mawimbi yakiwa yamepigwa mhuri wa saa ya atomiki. Data ilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuna intaneti ambayo ingeibeba. Diski zilipakiwa kwenye ndege hadi Massachusetts na hadi Bonn, Ujerumani. Za Ncha ya Kusini zilibidi zingoje majira ya baridi ya huko yaishe ndipo ndege iweze kutua.

Sasa ingia ndani ya data hiyo. Kila jozi ya darubini inakupa namba moja ya Fourier ya picha unayoitafuta, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyopanda na kushuka kwa mwelekeo na upana fulani ndani ya picha. Dunia inapozunguka, jozi hubadilisha mkao na kukuongezea namba nyingine. Hata hivyo, ukizichora zote kwenye karatasi utaona mistari michache iliyopinda, na sehemu kubwa ya karatasi ni tupu. Maana yake ni kwamba picha zinazokubaliana na vipimo hivyo hazina idadi. Pete inakubali. Fujo tupu ya nukta nayo inakubali. Ukiwa na subira unaweza hata kutengeneza sura ya tembo ikakubali.

Kuna balaa lingine. Mvuke wa maji angani huyachelewesha mawimbi, na kila kituo kina hewa yake. Kwa hiyo fezi ya kila jozi, yaani tofauti ya kufika kwa mawimbi kati ya darubini mbili, imeharibika. Dawa yake ni ya zamani: mwaka 1958 Roger Jennison, akifanya kazi Jodrell Bank, Uingereza, alionyesha kwamba ukichukua darubini tatu na kujumlisha fezi za jozi zote kuizunguka pembetatu yao, kosa la kila kituo linaingia mara mbili, mara moja kwa kujumlisha na mara moja kwa kutoa, likajifuta. Kinachobaki ni habari safi ya mbinguni. Ikumbuke pembetatu hiyo, maana itarudi kwa sura nyingine.

Hapa ndipo mtu wa picha alipokuwa na la kuongeza. Wataalamu wa redio walikuwa na njia yao, CLEAN, aliyoitoa Jan Högbom mwaka 1974. Njia hiyo huanza na dhana kwamba anga ni nukta nyingi zilizotawanyika. Kwa nyota na viini vya galaksi inafanya kazi nzuri mno, lakini kwa kitu laini kilichopinda hulazimika kukijenga nukta kwa nukta. Bouman alikuja na desturi ya watu wa uoni wa kompyuta. Wao huikata picha vipande vidogovidogo na kuiacha kompyuta ijifunze vipande vya picha halisi huwa na tabia gani: wapi pana ukingo, wapi mwanga hubadilika polepole, kitu gani hakitokei kabisa. Halafu, kati ya picha zote zinazokubaliana na vipimo, inapendelewa ile ambayo vipande vyake vinafanana na vya picha halisi. Algorithimu yake, CHIRP, ilitumia moja kwa moja zile jumla za pembetatu badala ya kuhangaika kuzikarabati fezi. Aliitoa mwaka 2016 kwenye mkutano wa CVPR, ambao ni wa watu wa kompyuta. Yaani alipeleka tatizo la nyota kwa watu wa fani yake, walihukumu ufundi wake, na ufundi ukapita.

Swali utakaloulizwa na mwanafizikia yeyote, hata aliyelala usingizi darasani, ni hili: ukiifundisha programu kwa picha za mashimo meusi yaliyochorwa na nadharia, si itakurudishia shimo jeusi hata kama halipo? Bouman alijiuliza mwenyewe kabla ya kuulizwa. Aliijaribu kwa vipande kutoka picha za mashimo meusi ya kubuniwa, kutoka picha za anga kwa jumla, na kutoka picha za kawaida tu ambazo watu hupiga kila siku. Matokeo yalikaribiana sana. Kama picha za mtaani na picha za nadharia zinakupeleka mahali pamoja, basi kinachokupeleka ni vipimo.

Sasa rudi kwenye mihogo yako, kwa sababu nataka uone tofauti ambayo vitabu vya kujifunza kwa mashine havisemi. Programu yako inapokuambia jani hili lina michirizi ya kahawia, unaweza kwenda shambani ukang'oa shina lile lile, ukakata mzizi, ukaona kama umeoza kwa ndani. Jibu lipo. Ndiyo maana watu wa uoni wa kompyuta huishi kwa alama: asilimia 91, asilimia 94, nani ameshinda mwaka huu. Shimo jeusi la M87 hakuna atakayelikata. Hakuna rundo la mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Alama haina maana pale ambapo jibu halijulikani. Kwa hiyo anayevuka kutoka kompyuta kwenda nyota inambidi aache kuuliza "nimepata alama ngapi?" aanze kuuliza "ningejuaje kama nimejidanganya?"

Walichofanya kwa swali hilo ndicho ninachokipenda kuliko picha yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa kuunda picha waligawanyika timu nne, wakapewa data ile ile, wakakatazwa kuambiana chochote kwa wiki kadhaa. Wengine walitumia CLEAN, wengine njia mpya. Julai wakakutana Massachusetts na kuonyeshana. Timu zote nne zilikuwa na pete, na zote upande wa chini ulikuwa umeng'aa zaidi.

Hata hapo hawakutangaza. Walitengeneza data za uongo kwa makusudi: pete, mwezi mwandamo, sahani iliyojaa bila tundu, na vitu viwili vilivyokaa mbalimbali. Kisha wakazipitisha programu zao kwenye data hizo kwa maelfu na maelfu ya mipangilio, wakibaki tu na ile mipangilio iliyoweza kurudisha kila umbo kama lilivyokuwa. Fikiria maana yake. Mpangilio unaochora pete hata palipo na sahani iliyojaa unatupwa, ingawa pete ndiyo kila mtu alikuwa anaitamani. Ile mipangilio iliyobaki ndiyo ikaruhusiwa kugusa data ya M87. Bouman alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ya kuunda picha na kuipima, na kwa maoni yangu mchango huo ni mkubwa kuliko algorithimu yoyote yenye jina lake.

Nasema hivyo kwa kuwa CHIRP siyo iliyotoa picha ya tarehe 10 Aprili 2019. Picha ile ni wastani wa kazi ya programu tatu: DIFMAP inayofuata njia ya CLEAN; eht-imaging, ambayo sehemu kubwa ilijengwa na Andrew Chael, mwanafizikia wa anga aliyekuwa bado mwanafunzi Harvard; na SMILI, ya timu iliyoongozwa na Mjapani Kazunori Akiyama. Nyuma yao kulikuwa na watu zaidi ya 200. Mtandaoni kwanza walimpa Bouman sifa zote peke yake, halafu wengine wakageuka kumtukana kwamba hakufanya lolote, na Chael mwenyewe akajitokeza kumtetea. Makundi yote mawili hayakusoma makala za utafiti wenyewe. Wewe zisome, ya nne katika zile sita za mwaka 2019 hasa, ndiyo ya kuunda picha.

Baadaye je? Baada ya MIT alikwenda kituo cha fizikia ya anga cha Harvard na Smithsonian, na mwaka 2019 chuo cha Caltech, California, kikamwajiri kuwa mhadhiri. Angalia wapi: upande wa kompyuta na hisabati. Leo cheo chake kinataja pia uhandisi wa umeme na astronomia, lakini mlango aliopitia ni ule wa fani aliyozama mwanzo. Shimo la katikati ya galaksi yetu, ambalo picha yake ilitoka Mei 2022, lilileta shida mpya kwa sababu gesi yake hubadilika ndani ya dakika, wakati darubini zinahitaji saa nyingi kukusanya vipimo. Mwaka 2024 yeye na wenzake, wakiongozwa na Aviad Levis, walitoa kazi inayoziunganisha fani zote mbili pasipo kuonekana mshono. Walichukua mbinu iliyozaliwa mwaka 2020 ya kujenga umbo la vitu kwa pande zote kutoka picha za kawaida kwa mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutoka mifano, wakaipachika kanuni za mwanga unaopindwa na mvutano wa shimo jeusi. Kisha wakaitumia kukadiria namna madoa ya gesi ya moto yalivyokaa kulizunguka shimo hilo, kutoka kwenye kupanda na kushuka kwa mwanga uliopimwa na darubini ya ALMA, Chile, tarehe 11 Aprili 2017. Mmoja wa walioibuni mbinu ile ya 2020, Pratul Srinivasan, yumo kwenye orodha ya waandishi.

Hiyo ni njia ya kutoka kompyuta kwenda nyota. Wewe uko upande wa pili, mwanafizikia unayechungulia kompyuta, kwa hiyo mfano wako wa karibu ni Zaven Arzoumanian wa NASA, kituo cha Goddard, Maryland. Huyu ni mtu wa palsa, zile nyota za nyutroni zinazopiga mapigo kama saa. Ni miongoni mwa viongozi wa NICER, kifaa cha eksirei kilichopandishwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017, ambacho kimetupatia kipimo cha upana wa nyota ya nyutroni: kilomita 26 hivi, na ndani yake uzito unaozidi wa jua letu zima.

Mtu huyo huyo jina lake limo kwenye makala ya mwaka 2005, katika jarida la ikolojia, kuhusu papa potwe.

Ukienda Mafia kati ya Oktoba na Machi, mashua zinatoka Kilindoni kupeleka wageni kuwaona. Samaki huyu, mkubwa kuliko samaki wote duniani, ana madoa meupe mgongoni na ubavuni, na mpangilio wa madoa ya papa mmoja haufanani na wa mwingine. Mtafiti anapiga picha ubavu nyuma ya matamvua, anarudi mwakani anapiga tena. Je, ni yule yule? Ukiwa na picha kumi utalinganisha kwa macho. Ukiwa nazo maelfu, macho yatakufa kwanza.

Arzoumanian, pamoja na mwandishi wa programu Jason Holmberg na mwanabiolojia Brad Norman aliyekuwa akifuatilia papa hao Ningaloo, Australia, waliona kwamba madoa meupe kwenye ngozi ya rangi ya giza hayana tofauti na nyota kwenye anga la usiku. Na watu wa nyota tatizo la kulinganisha madoa walikwisha lishughulikia: mwaka 1986 Edward Groth wa Princeton alichapisha njia ya kulinganisha orodha mbili za nyota zilizopigwa kwa kamera tofauti. Unaunganisha nyota tatutatu kuwa pembetatu, unapima uwiano wa pande zake na pembe yake, basi. Ukiisogeza picha, ukiizungusha, ukiikuza, vipimo hivyo havibadiliki. Orodha mbili zenye pembetatu nyingi zinazolingana ni anga moja, au papa mmoja. Walilazimika kuirekebisha, kwa sababu nyota hazijipindi zinapoogelea na hazipigwi picha na mpiga mbizi aliye upande upande. Na waliipima kwa papa waliokwisha kujulikana kwa njia nyingine, kama wanabiolojia walivyotaka.

Njia hiyo ikawa injini ya hifadhi ya picha za papa potwe za dunia nzima, na watafiti wa Mafia nao wameitumia. Utafiti wa Mafia uliotoka mwaka 2015, uliotumia vifaa vya sauti walivyofungwa papa pamoja na kuwaona kwa macho, ulionyesha kwamba wengi hawaondoki msimu ukiisha. Wanabaki jirani na kisiwa, ila hawaonekani juu. Arzoumanian hakuacha palsa. Alitembea tu upande wa pili na zana aliyokuwa nayo mkononi, akaiacha huko ikiendelea kufanya kazi.

Wengine nitawapitia mbio. Mwaka 1990 darubini ya Hubble iliporushwa ikagundulika kioo chake cha mita 2.4 kimesagwa vibaya kwa takriban mikromita 2 ukingoni, na mpaka mafundi walipoirekebisha Desemba 1993 wataalamu walikuwa wakisafisha picha zake kwa hesabu ya Richardson na Lucy. Richardson aliitoa mwaka 1972, Leon Lucy, mtu wa nyota, akaifikia kivyake mwaka 1974, na leo inasafisha picha za seli kwenye hadubini. Astrometry.net, iliyochapishwa mwaka 2010, unaipa picha yoyote ya anga nayo inakuambia umepiga sehemu gani. Wameiunda Dustin Lang na Sam Roweis kutoka upande wa kompyuta, David Hogg kutoka upande wa nyota, na wenzao. Ijaribu usiku usio na mbalamwezi, simu nzuri ikiwa imetulia juu ya jiwe. Na mwaka 2014 Sander Dieleman wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, alishinda shindano la kuainisha galaksi kwa sababu aliona jambo dogo: galaksi haina juu wala chini, basi mtandao wa neva ujengwe ukijua hivyo.

Turudi kwako. Ushauri wangu ni kwamba umalizie mradi wa mihogo, lakini uufanye kama mtu wa nyota. Usiishie kwenye asilimia. Chukua picha za simu nyingine, za shamba lingine, za saa kumi jioni jua likiwa la manjano, uone asilimia inaanguka kiasi gani. Ziba jani lote ubakize udongo na vidole vya aliyelishika, uone kama programu bado "inatambua" ugonjwa. Ikitambua, ujue ilikuwa inasoma shamba, si jani. Piga picha mashina kadhaa, kisha uyang'oe na kukata mizizi, kwa sababu wewe una bahati ya kuweza kufanya hivyo. Makerere wamefanya kazi kubwa ya kukusanya picha za magonjwa ya mihogo na kuzitoa wazi, zitafute ulinganishe.

Kwa masomo, usiikimbie aljebra ya matriki wala Fourier, na takwimu za Bayes, za kupima uwezekano wa dhana kwa ushahidi ulionao, zisome hata kama hazimo kwenye mtaala wenu. Mitandao ya neva utajifunza popote, hata kwa bando la usiku. Fizikia ya mwanga, namna unavyotawanyika, unavyopinda, unavyopokelewa na kihisi cha kamera, utaipata kwa shida ukishatoka hapo ulipo, na ndiyo itakayokutofautisha na maelfu wanaojua kuendesha programu tu. Kwa hiyo kama ni kuzama kwanza, zama kwenye fizikia.

Kuhusu kazi nisikudanganye. Tanzania hatuna kituo kikubwa cha kuangalia anga kinachoajiri, na hatumo kwenye nchi washirika wa Afrika wa mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA; Kenya imo, Msumbiji na Zambia zimo. Lakini darubini ya redio ya MeerKAT iliyoko Karoo, Afrika Kusini, yenye sahani 64, inazalisha data zaidi ya wanaoweza kuichambua, na hiyo itamezwa ndani ya SKA yenye sahani 197. Namibia nako kuna mpango wa kujenga darubini ya milimita itakayojiunga na mtandao ule ule uliopiga picha ya M87. Mtu anayejua fizikia ya mwanga na akaweza kuifundisha kompyuta picha, kazini kwao ana nafasi, na asipoipata huko ataipata kwenye hospitali zenye mashine za eksirei, kwenye picha za setilaiti za mashamba, au kwa wanaohesabu samaki.

Data ya M87 ya mwaka 2017 na programu ya eht-imaging vyote viko wazi, bure. Ukimaliza mitihani, vipakue. Usianze kwa kutafuta pete. Tengeneza kwanza data ya uongo ya sahani iliyojaa, ipitishe kwenye programu, uone unavyohangaika kuizuia isikuchoree tundu. Matokeo hayo mpelekee msimamizi wako pamoja na mizizi uliyoikata, mkae mzungumze.